Rangi ya Kitinda

Wapo wanaozaliwa na sauti nzuri, wapo wanaozaliwa na bahati. Bi Macho alizaliwa na tumbo joto. Akitoka nyumbani asubuhi hurudi kuangalia kama jiko limezimwa, na akishafika njiani hurudi tena kuangalia kama aliporudi alifunga mlango. Mumewe, mtu wa utani asiyekasirika hata ukimmwagia maji, alikwishamzoea. "Nenda zako, mama," humwambia, "nyumba ikiungua nitakupigia simu." Maneno yenyewe hayamtulizi. Humwongezea tu, maana sasa ana wasiwasi wa jiko na wasiwasi wa simu.

Kazini, lakini, wasiwasi huo ndio uliokuwa mtaji wake. Alikuwa fundi wa rangi katika studio ya picha, chumba cha nyuma, mapazia mazito, kuta zote zimepakwa kijivu. Hata koti lake la kazi lilikuwa la kijivu, kwa sababu blauzi nyekundu mbele ya skrini hulidanganya jicho, na bibi harusi wa watu akatoka kwenye picha kama ana homa. Mumewe alisema koti lile linamfanya aonekane mfuko wa saruji. Jina la Bi Macho alipewa na wateja, waliokuwa wakiona ajabu kwamba mtu anaweza kukaa mchana kutwa akibishana na weupe wa shela.

Sasa kwa wewe unayepiga picha kwa simu na kuzituma papo hapo, jambo moja lazima ulijue, la sivyo utamwona huyu mama mwendawazimu. Kamera kubwa haitoi picha iliyokamilika. Inatoa kitu ambacho mafundi hukiita picha mbichi, nayo picha mbichi lazima ipikwe, na chungu chake ni programu ya kompyuta. Taabu ni kwamba kila programu ina mkono wake. Wape wapishi wawili mchele uleule na maji yaleyale, uone kama utakula wali mmoja. Picha ileile, programu hii inakupa uso mwekundu kidogo, ile inakupa uso uliofifia, na kila moja itakuapia kwamba mtu ndivyo alivyo.

Kilichomletea balaa ni kazi ya Dada Mkubwa. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mnene wa mwili na wa sauti, kifungua mimba wa watoto sita. Mama yao alikuwa amezeeka, na hajawahi kuwa na picha moja yenye watoto wake wote. Basi Dada Mkubwa akaamua itengenezwe picha kubwa ya kutundikwa sebuleni kwa mama. Watano walikuwa mjini, wakaja studio wamevaa kitambaa cha buluu, wanaume mashati, wanawake magauni, vyote vimekatwa kwenye jora moja. Wa sita, kitinda mimba, ambaye hata ukubwani wanamwita Kitinda, alikuwa fundi wa lifti katika mji wa mbali. Alitumiwa kipande chake cha kitambaa, akashonewa hukohuko, akapigwa picha na mpiga picha wa hukohuko. Kazi ya Bi Macho ilikuwa kumchukua Kitinda na kumsimamisha upande wa kulia wa ndugu zake, asionekane amebandikwa.

Kumsimamisha kulikuwa rahisi. Rangi ndiyo iliyomtoa jasho. Kamera ya yule mpiga picha wa mbali ilikuwa mpya mno, na programu ya studio, kuukuu kama mwenye studio, ilikataa katakata kufungua picha yake. Bi Macho akatafuta programu nyingine, ikafungua. Kwa hiyo watano walikuwa wamepikwa kwenye chungu cha zamani, Kitinda kwenye chungu kipya. Na wale watano Dada Mkubwa alikwishawaona, akawapenda, akasema wasiguswe hata unywele. Ilibidi Kitinda ndiye awafuate wenzake.

Akaanza na shati, kama ufundi unavyotaka. Kitambaa cha jora moja ni shahidi mzuri, hakina maneno mengi. Akaivuta buluu ya shati la Kitinda, akaipunguza hapa, akaipandisha pale, mpaka huwezi kusema lipi limepigwa wapi. Akashusha pumzi. Kisha akainua macho kutazama uso.

Wale watano walikuwa maji ya kunde, wote. Kitinda alikuwa mweusi tii. Siyo kwamba amewazidi kidogo, hapana. Tii!

"Basi nimeharibu," akasema peke yake. Mtu mwingine angesema, labda ndivyo alivyo, akaendelea na kazi. Bi Macho hakuwa mtu huyo. Kwake yeye kitu kikienda kombo, mkosaji ni yeye mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hata ikithibitishwa ataomba radhi. Akajiambia ni ile programu mpya inapika giza. Halafu akajiambia pengine kitambaa alichotumiwa Kitinda kilipotea, akanunua kinachofanana, na shati lenyewe linasema uongo. Akampigia mpiga picha wa mbali, simu haikupokelewa.

Alichotakiwa kufanya kilikuwa chepesi: kumpigia Dada Mkubwa na kuuliza. Lakini hebu jaribu wewe. Mpigie mtu mzima, mwalimu mkuu mstaafu, umwambie, samahani dada, hivi ndugu yako ni mweusi kuliko nyinyi? Uone kama mdomo utafunguka. Alishika simu, akaiweka. Akaishika tena, akaiweka. Tena kuuliza ni sawa na kukiri kwamba yeye, Bi Macho, macho yamemshinda. Aliogopa. Hakuna la kuzunguka hapo, aliogopa.

Kwa hiyo akaliacha shati, akashika nyuso. Baba mmoja, mama mmoja, alijisemea, watatofautiana kiasi gani? Akamwongezea Kitinda mwanga, akamtia umanjano kidogo, akampunguzia vivuli chini ya macho, akaenda naye polepole mpaka akakaa na wenzake kama pea ya viatu. Shati likapauka kwa mwanga wote ule, akalitengeneza peke yake likarudi buluu. Shati likabaki la kweli, mtu akawa wa uongo. Naye akaitazama kazi yake akaona imekaa.

Dada Mkubwa alikuja kuikagua. Alisimama mbele ya skrini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akakaa kwenye kiti cha Bi Macho bila kukaribishwa.

"Umemfanyaje?"

"Nani, dada?"

"Kitinda."

"Nimelinganisha tu, dada. Hizi programu mbili hazisikilizani, kwa hiyo inabidi—"

"Mungu akupe maisha marefu," akasema Dada Mkubwa, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Sasa tunafanana." Akatazama pazia kama limefungwa, akashusha ile sauti yake kubwa mpaka ikawa haimwenei. "Mdogo wangu, watu wamesema maneno mengi juu ya nyumba ile. Baba yetu amekufa nayo moyoni. Basi angalau wageni wakiingia sebuleni kwa mama waone watoto sita wa mtu mmoja. Chapisha hivyohivyo. Usiguse!"

Akaondoka, akamwacha Bi Macho mbele ya skrini. Kumbe shati halikusema uongo. Shati lilisema kweli tangu mwanzo, naye ndiye aliyelinyamazisha. Alidhani analinganisha programu mbili, kumbe amemfuta mtu uso, na katika kumfuta amewakubalia majirani wote waliomsema mama wa watu. Ikiwa mtoto lazima apakwe ili afanane na wenzake, si ndiyo kusema hafanani?

Nyumbani mumewe alimwona anazungusha chakula sahanini.

"Mteja hakuipenda picha?"

"Ameipenda."

"Sasa?"

"Ameipenda mno."

Mumewe akaanza kucheka, akamtazama vizuri, akaacha.

Kesho yake mwenye studio alikuwa nje kwenye kazi, Bi Macho yuko peke yake, mlango ukagongwa. Akaingia mwanamume mwenye begi la safari begani, shati limekunjamana kwa safari. Hakuhitaji kujitambulisha. Bi Macho alikuwa amekaa na sikio lile na paji lile kiasi kwamba angemjua hata gizani. Na rangi ile pia aliijua. Ndiyo ileile iliyotoka alipofuata shati, hakuna tofauti, ile aliyoiita kosa.

Picha ilikuwa wazi kwenye skrini. Aliruka, akaizima, kikombe cha chai kikamwagikia meza.

"Karibu, kaka, karibu. Samahani, umeme umekatika."

Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyao. Kitinda akaitazama feni, akamtazama Bi Macho.

"Umeme wa kwenu unachagua," akasema, akatabasamu. "Dada ameniambia nipite hapa kabla sijafika nyumbani. Nasikia nimetoka vizuri."

Angesema nini? Akaiwasha. Kitinda akaweka begi chini na kusogea. Akawatazama ndugu zake mmoja mmoja, akicheka kidogo alipomfikia kaka yake mwenye kitambi. Alipojifikia mwenyewe akakunja uso.

"Huyu ni mimi?"

"Kaka, nisamehe. Sikuwa nimekuona. Nilidhani—"

"Hapana, nauliza tu." Akainama karibu na kioo. "Unajua nyumbani waliniitaje? Masizi. Kabla sijaanza hata shule. Siku moja nikachukua jiwe la kusugulia miguu, nikaingia bafuni, nikajisugua mikono na uso mpaka damu. Mama akanikuta. Hakunipiga, hakusema neno, alilia tu, akanipaka mafuta." Akanyoosha mgongo. "Laiti ungekuwepo siku ile na mashine yako hii. Ungenipunguzia maumivu."

Alisema kwa utani, na utani ule ulimchoma Bi Macho kuliko tusi. Alitamani ardhi ipasuke. "Nakurudisha sasa hivi," akasema, tayari ameshika kipanya. "Sasa hivi, kaka. Keti."

"Acha."

"Si kazi, ni—"

"Acha, dada yangu. Ameipenda yeye. Na mama amechoka, amesemwa vya kutosha. Ikiwa ukutani nitakuwa hivi na watu wakafunga midomo, basi na iwe. Mimi nimezoea." Akachukua begi lake, akashukuru, akatoka. Hakubamiza hata mlango.

Sasa fikiria hali ya mwanamke huyu. Mteja alitaka picha ya uongo. Mwenye studio atataka anachotaka mteja. Hata mwenye uso amekubali. Ile ya kweli hakuna aliyeiomba, na mtu wa kuileta ni yeye, anayerudi kuangalia jiko! Alikaa, akasimama, akafuta chai iliyokwisha kukauka. Jambo moja tu halikumtoka kichwani: picha ile ingemkaa ukutani mama mzee maisha yake yote yaliyobaki, na kila akiitazama angeona kwamba watoto wake wenyewe wameona haya kwa niaba yake.

Akafungua kazi upya. Akaanza na shati. Akaisogeza buluu ikutane na buluu, na uso ukarudi wenyewe, bila kuguswa, uso wa yule mtu aliyesimama pale mbele yake. Safari hii hakuwa na cha kukisia. Akaichapisha kubwa, akaitia kwenye fremu. Kisha, kwa kuwa alikuwa Bi Macho na si mtu mwingine, akaichapisha na ile nyingine aliyoipenda Dada Mkubwa, akaiviringisha na kuitia kwenye mkoba. Kwa tahadhari. Lolote likitokea.

Picha kubwa za studio hutundikwa na studio yenyewe, na kwa kawaida mwenye studio ndiye huenda. Bi Macho aliposema ataenda yeye, bosi alimtazama kama amesikia paka anaongea.

Sebule ilikuwa imejaa. Watoto watano walikuwa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, wajukuu wamefukuzwa uani, na Kitinda kwenye kigoda karibu na mlango, mahali pa mtu asiyetaka kusumbua. Mama alikuwa chumbani anabadilisha nguo. Dada Mkubwa hakungoja. Alichana karatasi ya kufungia kwa mikono miwili, akaiegemeza fremu kochini, akarudi nyuma hatua moja atazame.

Uso ukambadilika.

"Hii siyo," akasema polepole. Ndugu zake wakasogea, wakatazama, wakatazamana. "Hii siyo niliyoiona. Ile iko wapi?"

"Dada, ndugu yako ndivyo alivyo. Nilikosea mimi mwanzo."

"Nimekuuliza iko wapi?"

Kitinda aliinuka, akaja akasimama nyuma ya wenzake. Alipoona alijiziba mdomo kwa mkono, na Bi Macho hakuweza kujua kama amefurahi au amechukia. Tuseme ukweli wake wote, usije ukamwona shujaa: mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba. Vidole vilikuwa vimeishika ile karatasi iliyoviringishwa. Angeitoa. Dada Mkubwa angemtazama tena mara moja tu, angeitoa.

"Mbona mmenyamaza?" Mama yao alikuwa mlangoni, na fimbo yake, na kitambaa kipya kichwani. "Picha yenyewe haijafika?"

Wakampisha. Mama akaja taratibu mpaka kwenye fremu, akainama, akaanza upande wa kushoto akigusa kioo kwa kidole, kila mtoto akimwita kwa jina alilomwita utotoni. Wengine wakacheka, wamesahau hofu yao kidogo. Kidole kikafika mwisho, kikasimama hapo.

"Mama," akasema.

Watoto wakatazamana. Yule mwenye kitambi akanong'ona kwamba mama amechanganyikiwa.

"Sijachanganyikiwa, na masikio ninayo. Huyu ni mama yangu." Kidole kilikuwa juu ya shavu la Kitinda. "Paji hili, na rangi hii. Hii hasa. Alikufa sijaolewa, na hakupata kupigwa picha hata siku moja. Sikuwahi kumwona ukutani." Akageuka kumtafuta Kitinda kwa macho, akampata. "Siku ulipozaliwa nilisema moyoni, amerudi."

Dada Mkubwa alikuwa ameshika mgongo wa kochi. "Mama," akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa imekatika katikati, "mbona hukutuambia? Miaka yote hii, maneno yote yale, mbona hukusema?"

"Niseme nini? Baba yenu aliniuliza huyu ni wa nani. Majirani wakauliza ni wa nani. Na wewe, mwanangu, ulipokuwa msichana uliniuliza, umesimama hapohapo ulipo sasa." Mama hakuwa amekasirika, alikuwa kama anamkumbusha mtu kitu alichosahau dukani. "Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza amefanana na nani."